Niliwanunulia Simu Iliyokuwa Inakufa

Julai 2015 kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba imefuta kwenye vitabu vyake vya hesabu dola bilioni 7.6, hasara ya kununua kitengo cha simu cha Nokia, na kwamba watu wapatao 7,800 watapoteza kazi. Niliisoma habari hiyo asubuhi, nikaielewa vizuri. Jioni yake nikampigia dada yangu kumwambia kwamba Lumia niliyomchagulia imeshapatikana, atume pesa. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Subiri kidogo, mambo yamebadilika." Sikusema. Na pesa yenyewe ilikuwa ya cherehani, aliyoidunduliza kwenye kibubu.

Nyumbani kwetu wanaamini mpaka leo kwamba simu zile zilitufia kwa bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya.

Katika familia yetu ya Tanga, mtu wa simu nilikuwa mimi. Kila familia inaye. Ndiye anayepigiwa bando likigoma, ndiye anayekumbuka nywila za watu wazima, ndiye anayeagizwa Kariakoo mtu akipata pesa ya mavuno au ya mchezo. Sifa hiyo haina mshahara, lakini ni tamu, na aliyekwisha kuionja huwa tayari kusema neno lolote isipokuwa "sijui".

Mwaka 2013, aliyetaka kuachana na kitochi alikuwa na njia tatu. iPhone ilikuwa ya wenye nazo. Android ilikuwa imeshajaa madukani, kuanzia Samsung za bei mpaka Tecno, ambazo wenye nazo walizibeza wakiziita simu za Mchina. Njia ya tatu ilikuwa Windows Phone, na kwa mnunuzi wa kwetu hiyo ilikuwa na maana moja tu: Nokia Lumia. Nilichagua ya tatu. Ningejichagulia peke yangu isingekuwa habari ya kuandikwa. Niliwachagulia na mama, mke wangu, mdogo wangu wa kiume aliyekuwa chuoni, na mwisho dada.

Hoja yangu ilikuwa jina. Nani aliyekua miaka ile asiyeijua Nokia 1100, ile ya tochi? Ilitoka 2003, ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na nyingine zilidumbukia kwenye ndoo ya maji zikaanikwa juani zikaendelea na kazi. Nikajiambia kwamba aliyetengeneza ile hawezi kukosea. Sikutaka kuona kwamba Lumia ilikuwa Nokia kwa nje tu. Tangu makubaliano ya Nokia na Microsoft ya Februari 2011, programu iliyoiendesha ilikuwa ya Microsoft, na uhai wa simu janja uko kwenye programu kuliko kwenye gamba. Septemba 2013 Nokia ikatangaza kukiuza kitengo chake cha simu kwa Microsoft, na makabidhiano yakafanyika Aprili 2014. Mimi bado nilikuwa nawaambia watu, "Nokia ni Nokia."

Hapa nitaitetea kidogo, mnisamehe, maana mapenzi hayaishi mara moja. Lumia 520 ilikuwa simu nzuri. Ilikuwa na RAM ya MB 512 tu lakini ilikwenda bila kuganda, wakati Android nyingi za bei yake zilikufanya usubiri kama uko foleni ya benki. Betri ilitoka, kadi ya kumbukumbu iliingia, na ramani ungeweza kuishusha ukaitumia bila bando. Rangi zake, za njano na nyekundu, zilimfanya mtu ageuke kukutazama kwenye daladala. Nakiri kwamba kugeukiwa huko kulinipendeza kuliko nilivyodhani.

Lakini hakuna hata mmoja kati ya wale wanne niliyemuuliza anaitumiaje simu.

Mama alikuwa na laini mbili. Moja ya Vodacom, kwa ajili ya M-Pesa, na nyingine ya Tigo, ya kuzungumza na dada zake kwa bei nafuu. Siku hizo kutuma pesa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa na usumbufu wake. Tigo, Airtel na Zantel ndizo zilizotangulia kuunganisha huduma zao, na Vodacom ikaingia 2016. Mwenye laini mbili hakuwa mshamba, alikuwa na akili. Tecno ilikubali laini mbili. Lumia 520 ilikubali moja, tena ile ndogo, kwa hiyo nilimpeleka mama dukani laini yake ikakatwa kwa kile kimashine. "Mama, chagua moja," nilimwambia. Akanijibu, "Haya mwanangu, wewe ndiye unayejua." Tangu siku hiyo akawa anatembea na simu mbili mkobani, na alipotaka kuirudisha ile laini iliyokatwa kwenye kitochi chake, ikabidi tutafute adapta ya plastiki. Nilimpunguzia nini mama yangu? Nilimwongezea mzigo, tena kwa pesa.

Mke wangu alitaka jambo moja tu: mtoto aonane na bibi yake kwenye video. Lumia 520 haikuwa na kamera ya mbele. Ili bibi amwone mjukuu, ilibidi simu igeuzwe mgongo, na aliyeishika azungumze bila kumwona bibi. Nilisema tutazoea. Hatukuzoea.

Mdogo wangu wa chuo ndiye aliyeona mapema. Programu walizotumia wenzake ama hazikuwapo kwenye duka la Windows, ama zilikuja zikiwa nusu. Google iliizuia programu ya YouTube iliyotengenezwa na Microsoft mwaka huohuo wa 2013. Instagram ilifika Novemba ikiwa na lebo ya majaribio. Snapchat haikuja kabisa. Watengenezaji wa programu walikuwa wanakwenda waliko watumiaji, na watumiaji walikuwa wanakwenda ziliko programu. Wa pembeni akabaki pembeni. Kijana hakubishana nami. Aliniambia simu imeibiwa kwenye daladala, nikampa pole na hela kidogo. Miaka mingi baadaye, kwenye maandalizi ya harusi yake, akakiri mbele ya mashemeji kwamba aliiuza, akaongezea pesa akanunua Tecno. Watu walicheka mpaka machozi. Nilicheka nao, lakini moyoni nilijua kwamba alilazimika kunidanganya kwa sababu kuniambia ukweli hakukuwezekana.

Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia, nilijiona nimeshinda. Nchi nzima ilikuwa inabonyeza *#06# na kutuma namba ya IMEI kwenda 15090. Nilikwenda kwa shemeji yangu, ambaye kila siku alinitania kuhusu Lumia, nikamtaka aipime Tecno yake mbele yangu. Jibu likaja kwamba ni halali. Aliendelea kuitumia simu ile kwa miaka, na ilipopasuka kioo, fundi wa Barabara ya Nane alikuwa na droo nzima ya vioo vyake. Kioo cha Lumia ya mama fundi huyohuyo alisema mpaka kiagizwe Dar, na bei aliyoitaja ilikuwa karibu na ya simu nyingine. Sikumhesabia fundi kosa. Mtu huweka dukani vipuri vya simu walizonazo majirani zake.

Nimefika kwa dada, na hapa ndipo penye maungamo yenyewe.

Dada yangu ni mshonaji. Mwaka 2015 aliniambia anataka Tecno kama wenzake wa pale sokoni, maana wateja walikuwa wameanza kutuma mitindo kwa WhatsApp. Nilimwambia simu ya Mchina itamfia kabla ya mwaka. Nikamchagulia Lumia 535, yenye laini mbili na kamera ya mbele, nikijiona nimetibu kasoro zote za awali. Kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa Lumia ya kwanza kutoka bila jina la Nokia; mgongoni imeandikwa Microsoft. Hoja yangu kuu ilikuwa imekufa, na habari ya Julai nilikuwa nimeisoma. Kwa nini sikurudi nyuma? Kwa sababu kurudi nyuma kungekuwa kukubali kwamba mama na mke wangu nao niliwakosea. Nilipendelea dada aingie kwenye shimo lilelile ili lionekane kuwa njia.

Kwa miaka minne simu ile ilimfanyia kazi vizuri, na hilo ndilo lililomponza. Vipimo vya wateja vilikaa ndani ya mazungumzo ya WhatsApp: kifua, kiuno, urefu wa gauni, nani ametoa kianzio na kimebaki kiasi gani. Daftari aliliacha. Mei 2019 WhatsApp ikatangaza kwamba itaacha kufanya kazi kwenye Windows Phone ifikapo Desemba 31. Hakuna kampuni iliyonificha kitu. Tangazo nililiona mwezi uleule. Nilijiambia nitamwambia nikienda Tanga Idd, kisha nikajiambia shule zikifungwa. Nilimwambia katikati ya Desemba, msimu wa nguo za sikukuu na harusi, akiwa amezama kwenye vitambaa vya watu.

Kuyahamisha mazungumzo hakukuwezekana. Nakala ya WhatsApp ya Windows ilihifadhiwa OneDrive, ya Android huhifadhiwa Google Drive, na moja haikuisoma nyingine. Kama angepewa miezi ile saba, angenakili vipimo kidogo kidogo akiwa amekaa na chai yake. Badala yake alinakili alivyoweza usiku, vingine vikapotea. Januari akawa anawapigia wateja mmoja mmoja: "Samahani dada, naomba upite nikupime upya." Wengine walikuja. Wengine walikwenda kwa fundi mwingine. Na waliosema wametoa kianzio kikubwa, ilibidi awaamini.

Akaniuliza, "Kaka, wewe ulijua lini?"

Nikamjibu, "Mwezi huuhuu."

Ulikuwa uongo, na nimeishi nao mpaka nilipomsomea maandishi haya kabla ya kuyatoa. Alisikiliza mpaka mwisho huku akitoa uzi kwenye pindo. Kisha akasema nimrudishie nusu ya bei ya simu. Nimeirudisha. Alikuwa na haki ya kudai yote.

Siku hizi mzozo ni mwingine, majina mengine. Mpwa wangu anataka iPhone iliyotumika, dada anataka anunue Samsung au Tecno mpya, na wote wawili walinitazama. Safari hii nilimwuliza kijana kwanza anaitaka ya nini, kisha nikamweleza ninayoyajua. Mei 2025 WhatsApp iliacha kuhudumia iPhone zisizofikia iOS 15.1, ndiyo maana 5s na 6 zinauzwa kwa bei ya kutupa. Kwenye iPhone iliyotumika, ahakikishe akaunti ya mwenye simu wa zamani imeondolewa mbele ya macho yake, maana kufuli hilo, lililoanza 2013, fundi wa mtaani halifungui. Atazame afya ya betri kwenye mipangilio kabla ya kutoa pesa. Apple humpa mtu GB 5 za bure za kuhifadhi vitu, Google GB 15. Chaja za nyumbani kwao karibu zote ni za USB-C, na iPhone ilianza kuipokea hiyo kwenye toleo la 15, mwaka 2023. Tangu 2022 mazungumzo ya WhatsApp huweza kuhamishwa kutoka Android kwenda iPhone, lakini kazi hiyo hufanywa simu ikiwa mpya au imefutwa kabisa, kabla hujaanza kuitumia. Nikaishia hapo. Aliponiuliza, "Mjomba, ungekuwa wewe?" nikamwambia akamuulize mama yake, ndiye atakayekuwa anapigiwa.

Sasa ombi kwako msomaji. Kama kabatini kwenu kuna Lumia iliyotupwa, usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwanza. Nyingi huchajiwa kwa waya wowote wa zamani wa micro-USB, na ukiiunganisha na kompyuta, picha zilizomo zinasomeka na kunakilika bila WhatsApp kufunguka. Ya dada ilikuwa na picha nyingi za mishono yake, na zote tumezitoa. Ifanye kazi hiyo wiki hii, kabla betri haijavimba.