Mchongaji wa Exeter

Harry Hems alizaliwa London mwaka 1842, lakini jina alilipatia Exeter, mji wa jimboni. Alifika huko mwaka 1866 kuchonga mawe ya jumba jipya la makumbusho. Inasimuliwa kwamba siku ya kufika aliokota kiatu cha farasi, akakifanya alama ya bahati ya karakana yake.

Kazi yake inayonigusa iko St Albans. Ukuta wa mawe nyuma ya altare ulijengwa karne ya 15. Karne iliyofuata sanamu zake ziliharibiwa, nafasi zikabaki tupu. Mwishoni mwa karne ya 19, Hems na mafundi wake wakachonga nyingine.

Wapo wanaouita huo uigaji. Mimi ninayejifunza kutafsiri siafiki. Mwigaji ana kitu mbele ya macho yake; sanamu za kwanza hazikuwapo tena. Nami nikikosa Kiswahili cha neno la Kifaransa, kinachobaki ni nafasi tu katika sentensi. Lazima nichonge litakaloenea humo. Anayesali St Albans haulizi jina la fundi; na msomaji wangu hataniuliza langu. Ila nafasi ikibaki tupu, ataiona.