Zabibu Moja, Glasi Sita

Endapo utajaliwa kufika Cape Town, usifunge safari ya kurudi kabla hujaelekea mashariki kilomita 50 hivi, hadi Stellenbosch. Huu ni mji wa mialoni, kuta nyeupe na chuo kikuu, ulioasisiwa mwaka 1679. Kila utazamapo utaona mizabibu imepanda hadi miguuni pa milima.

Watu huja hapa kuonja mvinyo, na wengi huonja ovyo: mweupe, mwekundu, mtamu. Wafikapo shamba la tatu hawakumbuki walichoonja katika la kwanza. Nakushauri njia nyingine. Ungana na wenzako sita au saba, mumwombe mwenyeji awapangie mvinyo mwekundu wa zabibu za aina moja tu, wa mwaka mmoja, kutoka mashamba tofauti. Chupa zifunikwe kwa karatasi na kupewa nambari. Hapo ndipo ulimi husema kweli, maana jina na bei havipo kuutisha.

Zabibu ipi? Bila shaka ni Pinotage, mzaliwa wa mji huu. Mwaka 1925 Profesa Abraham Perold wa chuo kikuu cha hapo alichavusha Pinot Noir ya Ufaransa, tamu lakini sumbufu shambani, kwa Cinsaut, ambayo wenyeji waliiita Hermitage na ambayo huvumilia jua. Alipata mbegu nne tu, akazipanda katika bustani ya nyumba yake. Alipohama mwaka 1927 bustani ikamezwa na magugu, na nusura miche ifyekwe pamoja na majani. Mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, aliyejua siri yake, ndiye aliyeiokoa. Chupa za kwanza zenye jina hilo ziliuzwa mwaka 1961.

Haya, shika glasi. Iinamishe juu ya kitambaa cheupe uone rangi. Nusa, izungushe, unuse tena. Kisha piga funda dogo, lipitishe mdomoni kote, ulitemee ndooni. Usione haya, hapa kutema ni adabu.

Utashangaa jinsi ndugu wa tumbo moja wanavyoweza kutofautiana. Huenda glasi ya kwanza ikanukia ndizi mbivu, ya pili moshi, ya tatu ikakuachia ukakasi kama wa chai ya mkandaa iliyochemka mno. Mwingine utanukia kahawa kabisa, na Mkenya atauliza ni nani aliyemwaga ya Nyeri humo! Hakuna aliyemwaga: ni mbao za mwaloni zilizochomwa ndani, mtindo ulioanza mwaka 2001. Na ukikutana na harufu ya rangi ya kupakia nyumba, jua umefika penye ugomvi wa miaka mingi. Zabibu hii huchacha upesi, na joto lisipodhibitiwa harufu hiyo huzuka. Ndiyo iliyowafanya wajuzi wa Ulaya kuicheka, hata baadhi ya wakulima wakaing'oa. Mwaka 1991 Beyers Truter wa shamba la Kanonkop alishinda tuzo ya kimataifa ya mtengenezaji mvinyo bora, na kicheko kikapungua.

Kila mmoja aandike chaguo lake kabla ya mtu yeyote kusema. La sivyo, mwenye sauti kubwa atawachagulia nyote. Karatasi zikifunuliwa, usishangae kuona chupa ya bei nafuu ikiishinda ya bei ghali.

Mkiwa bado mezani, waulizeni wenyeji habari za 'dop'. Kwa vizazi vingi wafanyakazi wa mashamba haya, wengi wao Machotara, walilipwa sehemu ya ujira kwa mvinyo, kikombe baada ya kikombe tangu alfajiri. Sheria imekwisha kuupiga marufuku mtindo huo, lakini Rasi ya Magharibi ingali miongoni mwa sehemu za dunia zenye watoto wengi zaidi waliodhuriwa na pombe wakiwa tumboni mwa mama zao. Wewe unatema ndooni kwa hiari. Wao hawakupewa ndoo.

Ukiweza, nenda Februari. Pinotage huwahi kuiva, na utawakuta wachumaji mashambani tangu mapambazuko, kabla jua halijapasha zabibu. Beba kofia, kula mkate kati ya glasi na glasi, na mchague mapema dereva ambaye hataonja hata tone.