Mgeni Aliyekausha Ua

Nyarutarama ni mtaa wa nyua. Ukipanda mlima kutoka uwanja wa gofu unapita kuta za mawe, mageti ya chuma na misipresi iliyokatwa sawasawa kama nywele za askari. Wengine huiita miti ya Krismasi. Wenye nyumba huipenda kwa sababu inasitiri na kuzuia vumbi. Mimi naijua kwa sababu nyingine: baba yangu ni mtunza bustani katika nyumba moja ya mtaa huo, na nauli yangu ya chuo hutoka kwenye mkasi wake.

Miaka miwili iliyopita, wakati wa kiangazi, ua anaoutunza ulianza kukauka. Haukuanzia juu, ambako jua huchoma, bali ndani karibu na shina, kisha rangi ya kahawia ikasambaa hadi nje. Mwenye nyumba alisema baba ni mvivu wa kumwagilia. "Madamu, nimemwagilia kila jioni," baba alimjibu. Jibu hilo halikumsaidia. Kwa miezi mitatu mshahara wake ulikatwa ili kulipia miche mipya.

Nilichukua tawi moja nikaenda nalo chuoni. Mhadhiri mmoja anayefundisha mambo ya misitu aliliweka chini ya lenzi, akaniita nitazame. Niliona vidukari wa kahawia wamejipanga kwenye tawi, na chini yao majimaji ya kunata yaliyoota ukungu mweusi. Hufyonza utomvu, na mate yao huudhuru mti. Kwa kuwa jike huzaa bila dume, kidukari mmoja aliyejificha kwenye mche anatosha kuanzisha ukoo mzima.

Jina lake la kisayansi ni Cinara cupressivora, na safari yake ilinishangaza. Msipresi unaopandwa zaidi kwetu asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Kidukari huyu hakutoka huko. Wataalamu wanaamini kwao ni eneo linaloanzia mashariki mwa Ugiriki hadi kusini mwa Bahari ya Kaspi. Mti na mdudu, kila mmoja kutoka upande wake wa dunia, wakaja kukutana Afrika. Mdudu alionekana Malawi mwaka 1986. Kufikia 1990 alikuwa ameshafika Tanzania, Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba miti aliyoiua barani ilikuwa na thamani ya dola milioni 44 za Marekani.

Upepo unaweza kumtoa kilima kimoja hadi kingine. Lakini mdudu asiyefika milimita nne havuki bahari peke yake. Huhitaji mche hai, na mche huhitaji mtu wa kuubeba. Mtu huyo si lazima awe mlanguzi. Mwaka 1968 huko Muguga, Kenya, vikonyo vya misindano vilivyoletwa kutoka Australia kwa ajili ya kupandikiza viliingiza mdudu mwingine wa jamii hiyo. Walioviagiza walikuwa watu wa misitu, waliotaka misindano bora. Mwaka 2002 ikawa zamu ya mikaratusi: kijinyigu kidogo cha Australia, kinachovimbisha majani na vikonyo vya miche, kilionekana Kenya na Uganda.

Mwaka huohuo wa 2002 dunia ilikubaliana kanuni ya mbao za kufungashia mizigo. Makasha na paleti za mbao hupashwa moto hadi nyuzi joto 56 katikati ya ubao kwa dakika 30, au hutibiwa kwa njia nyingine iliyokubaliwa, kisha hupigwa muhuri wenye suke la ngano. Siku hizi nikiona kiti kilichotengenezwa kwa paleti huutafuta muhuri huo. Ni kanuni nzuri, lakini inalenga wadudu wanaojificha ndani ya mbao. Kidukari hupanda majani mabichi. Kwake yeye kinga ni cheti cha afya ya mimea, karantini na jicho la mkaguzi pale mpakani.

Sisemi tufunge mipaka. Rwanda haina bahari. Tunachovaa na tunachojengea hutujia kwa malori kutoka Mombasa na Dar es Salaam. Ninachosema ni kwamba hesabu ya biashara haijakamilika. Faida ya mche ulioagizwa humwendea anayeuuza. Hasara ya mdudu aliyekuja nao humfikia mtu ambaye hakuagiza kitu, na mara nyingi ni yule aliye karibu zaidi na mti. Hakuna stakabadhi inayomtaja baba yangu, lakini alilipa.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kidukari alikuja na mwenyeji akaugua. Hata hivyo, methali haikushindwa kabisa: katika miaka ya 1990 watafiti walileta kutoka Ulaya nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya kidukari huyu, wakamwachia Malawi, kisha Kenya na Uganda. Tofauti ni kwamba mgeni huyu alichunguzwa kwanza kabla ya kufunguliwa mlango.

Nilipomweleza baba hayo yote, alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa namwagilia mgonjwa." Fedha zake hazikurudishwa. Miche mipya ilipoletwa, aliikagua mmoja mmoja kwenye gari, akageuza majani, kisha akamuuliza muuzaji imetoka wapi. Muuzaji alijibu kwamba yeye huiuza tu. Baba aliirudisha minne iliyokuwa na utando wa kunata, na mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama barazani, hakumkatalia.