Kilimia juu ya Idjwi
Hapa Idjwi, katikati ya ziwa Kivu, taa ni chache na nyota ni nyingi. Juma lililopita tulitoka uani na watoto kutazama Kilimia, lile kundi la nyota ambalo wakulima wa zamani walilitazama ili kujua majira ya kulima. Kwa macho tulihesabu nyota sita. Tukaegemeza simu kwenye kinu, tukaiacha ipige picha kwa sekunde 10 bila kuigusa: zikatokea nyingine ambazo hatukuziona. Nuru yake imesafiri miaka zaidi ya 400 kutufikia.

Binti mmoja, aliyeacha shule kwa kukosa minervali, akauliza: “Mambo haya yanasomewa wapi?” Tulinyamaza. Jumamosi hii, zamu ya kwanza ya likelemba yetu ni ya mama yake.