Aliyeishika Mwisho



Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Windows 10 ilipoacha kupewa msaada wake wa kawaida, wengi wenu mmekuwa mkinijia baada ya Misa na swali moja: je, tuhamishe mashini zetu kwenye toleo la 11, au tungoje? Nimekuwa nikiwajibu juu juu tu, kwa sababu swali hilo linanigusa mahali panaponiuma. Leo nimeona afadhali nijibu kwa ukamilifu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe la mwaka 2022, ambalo baadhi yenu mlilisikia nusu tu.

Mnaukumbuka mwezi wa Aprili 2020. Mto Mulongwe ulifurika, ukabeba nyumba, ukaua watu, ukaacha maelfu ya familia bila makao. Kwetu maji yaliingia pia katika chumba kidogo tulimotunza madaftari ya ubatizo. Mengine yaliharibika kabisa. Mengine tuliyaanika juani ukurasa kwa ukurasa, tukiyawekea mawe ili upepo wa ziwa usiyapeperushe. Kisha kundi la vijana lilifanya kazi kwa miezi mingi, likinakili kwenye kompyuta yale yaliyosomeka: jina la mtoto, wazazi, msimamizi, tarehe. Programu ya kutunza orodha hiyo ilikuwa ya zamani, tuliyoachiwa na mfadhili mmoja, nayo ilifanya kazi katika mashini moja tu. Mimi nilikabidhiwa ufunguo wa chumba pamoja na mashini hiyo. Sikuwa fundi. Nilijua kuchapa, kutafuta jina na kutoa cheti, basi.

Jumamosi moja kijana mmoja wa kundi letu aliirudisha kompyuta hiyo. Alikuwa ameiazima kwa ruhusa ya Padri ili achape kazi yake ya kumaliza masomo. Aliirudisha imefutwa vumbi, waya wake umekunjwa vizuri. Usiku ule umeme unaotujia kutoka Ruzizi haukukatika, nayo simu yangu ilikuwa na mega za kutosha. Kwa majuma kadhaa skrini ilikuwa ikinialika nipokee toleo jipya bila malipo. Nilikuwa nimeliona kwa rafiki yangu ng'ambo ya mpaka, Bujumbura, nikalitamani kwa uzuri wake tu. Sikumwuliza mtu. Sikunakili orodha mahali pengine. Nilibonyeza kukubali, nikakaa kuilinda kama mtu anayelinda chungu jikoni. Saa nane za usiku ilikuwa bado inazima na kuwaka. Asubuhi kitufe cha kuanzia kilikuwa kimehamia katikati, rangi zote mpya, nami nikaenda Misani nikifurahi.

Jumatatu furaha ilikwisha. Alama ya Wi-Fi haikuwapo kabisa. Printa haikutambuliwa. Sauti ilikuwa imepotea. Hayo ningeyavumilia. Lakini nilipoifungua programu ya orodha, dirisha dogo lilitokea, likafifia, likatoweka. Nilijaribu mara kumi. Lilitoweka mara kumi.

Siku hiyohiyo alifika msichana kutoka Kalundu pamoja na mama yake mdogo. Alikuwa anataka cheti kipya cha ubatizo, kwa kuwa ndoa yake ilipangwa Jumamosi ya juma lililofuata. Daftari lenye jina lake lilikuwa miongoni mwa yale yaliyonakiliwa kisha yakaoza. Jina lake lilikuwa mle ndani ya mashini, na si mahali pengine popote duniani. Nikamwambia arudi kesho.

Padri aliitwa. Viongozi wawili wa kundi walikuwapo. Akauliza kwa upole, kama mtu anayetafuta mwanzo wa uzi: "Nani aliishika mwisho kabla ya leo?"

Nikajibu: "Yule kijana aliirudisha Jumamosi, Padri."

Tazameni sentensi hiyo. Hakuna neno ndani yake lisilo la kweli. Kweli aliirudisha. Kweli ilikuwa Jumamosi. Nilitumia ukweli ili nidanganye, nao ukanitumikia vizuri kuliko uongo wa wazi, kwa sababu sikuhitaji kukumbuka nilichokibuni. Wote wakatikisa kichwa. Hakuna aliyemlaumu kwa sauti. Mmoja alisema tu kwamba siku hizi vijana hupakua kila kitu. Nami nikanyamaza.

Juma lile nilihangaika peke yangu. Nilizima na kuwasha. Nilifuta printa na kuiweka upya. Nilibadilisha mambo matano kwa mara moja, hata nikashindwa kujua ni lipi limesaidia na ni lipi limeharibu zaidi. Kila jioni nilitazama video za mafundi katika simu, na katika mojawapo nilijifunza jambo lililonipa wazo baya. Mfumo mpya ukishaingia, ule wa zamani haufutwi papo hapo. Huhifadhiwa katika folda iitwayo Windows.old, inayokula nafasi kubwa, na mtu anaweza kuifuta mwenyewe ili kupata nafasi. Nikaelewa kwamba folda ile ilibeba saa na tarehe: Jumamosi, usiku, baada ya kijana kuwa amekwisha kurudi kwao. Ulikuwa ushahidi dhidi yangu. Nikaweka kidole tayari. Kilichonizuia haukuwa wema. Umeme ulikatika, na betri ya mashini ile ilikuwa imechoka.

Jumapili, baada ya Misa, kijana yule alinifuata hadi chini ya mwembe. Hakuwa na hasira. Alitoa karatasi iliyokunjwa, ndani yake elfu ishirini za franka.

"Yaya," akasema, "labda nilibonyeza kitu bila kujua. Nimefikiri sana, sikumbuki. Hii ni ya kuanzia kumlipa fundi."

Sikuzipokea fedha zile. Lakini pia sikusema kitu. Nilimwambia azitunze kwanza, nikaondoka haraka. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimemfanya mtu asiye na kosa aanze kuitilia shaka akili yake mwenyewe. Mashini iliyoharibika inaweza kupelekwa kwa fundi. Lakini kijana anayeacha kuamini kumbukumbu yake, tumpeleke wapi?

Jumatatu asubuhi nilimpelekea mashini fundi mmoja wa Kimanga, mtu mzima, mwenye meza iliyojaa simu zilizofunguliwa. Nilitazamia aanze kubonyeza. Hakuigusa. Alichukua daftari na kalamu.

"Mdogo wangu, ilianza lini?"

"Jumatatu iliyopita."

"Hapana. Jumatatu ndipo ulipoona. Nakuuliza ilianza lini. Kitu gani kilibadilika mwisho kabla haijaugua?"

Nikakaa kimya. Akangoja. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mashini haina siri. Mwenye siri ni aliyeileta. Ukinidanganya, nitatibu ugonjwa ambao haupo."

Ndipo nikamwambia yote: usiku wa Jumamosi, kitufe nilichobonyeza, Padri, kijana, elfu ishirini. Alisikiliza bila kushangaa. Aliandika tarehe tu, akahesabu kwa vidole. "Jumamosi usiku hadi leo ni siku tisa. Una bahati. Mlango wa kurudi unakaa wazi siku kumi tu. Baada ya hapo mfumo huifuta folda ile wenyewe. Wewe hukuifuta?"

Nikasema hapana. Sauti yangu ilitetemeka, kwa maana nilikumbuka kidole changu. Kile nilichotaka kukifuta kwa kuwa kilinishitaki ndicho kilichokuwa njia pekee ya kurudi.

Kazi yake ilikuwa ya utulivu, nami nataka muijue, kwa sababu ndiyo jibu la swali lenu. Kwanza aliinakili orodha yote kwenye diski ya nje, akaifungua kule kuhakikisha kwamba imenakilika, maana nakala isiyojaribiwa bado si nakala. Pili aliunganisha simu kwa waya wa USB, mashini ikapata intaneti kupitia simu ingawa Wi-Fi yake ilikuwa imekufa. Tatu alifungua orodha ya vifaa, akanionyesha alama ya njano kando ya kifaa cha Wi-Fi. Kifaa chenyewe kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni programu ndogo ya kukiendesha, inayokifasiria maneno ya mfumo mpya. Aliitafuta kwa watengenezaji wa mashini, kwa namba kamili ya aina yake iliyobandikwa chini, akaiweka, na Wi-Fi ikarudi. Sauti nayo ilirudi vivyo hivyo, kisha printa. Kila mara alibadilisha jambo moja tu, akajaribu, akaandika matokeo, ndipo akaendelea na jingine.

Programu ya orodha ilibaki. Alijaribu kuiendesha kwa namna ya matoleo ya zamani. Ilikataa. Akaweka kalamu chini. "Hii haikutengenezwa kwa nyumba mpya. Si kosa lake, wala si kosa la nyumba. Kosa ni kuihamisha bila kuuliza. Turudi." Akaingia katika mipangilio, akachagua kurudi kwenye toleo lililotangulia. Muda mfupi baadaye kitufe kilikuwa kimerudi pembeni kushoto, na orodha ikafunguka. Nilitafuta jina la msichana wa Kalundu. Lilikuwapo, na jina la msimamizi wake, na tarehe.

Cheti kilichapwa Jumanne. Jumamosi aliolewa.

Sehemu iliyobaki fundi hakuweza kunifanyia. Nilikwenda kwa Padri jioni ileile ya Jumatatu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza jambo moja: "Siku ile ulipojibu, walikuwapo nani?" Nikaelewa. Katika mkutano uliofuata nilisimama mbele ya viongozi walewale na kundi zima, naye kijana akiwapo, nikasema kwamba aliyeishika mwisho nilikuwa mimi. Sikuongeza sababu. Nilikuwa nimeziandaa nyingi njiani, lakini nilipofungua kinywa niliona kwamba kila moja ilikuwa sentensi nyingine ya aina ileile, ya kweli na ya udanganyifu.

Kijana alisema, "Sawa, yaya." Alinipa mkono. Lakini hakuiazima tena mashini ile. Kazi yake aliimalizia katika duka la kuchapa, akilipia kila saa. Nilipopendekeza kumlipia, alikataa kwa heshima. Miezi mingi ilipita kabla hajaniomba tena kitu chochote. Siku aliponiomba nimsaidie kubeba viti, nilibeba viti vile kwa furaha ambayo wengine hawakuielewa. Msamaha alinipa siku ileile. Imani alinirudishia kidogo kidogo, kwa kipimo chake, na hiyo ilikuwa haki yake.

Sasa nijibu swali lenu. Msibaki kwa muda mrefu na mfumo usiopewa tena marekebisho ya usalama, hasa katika mashini yenye habari za watu. Lakini fahamuni kwamba si kila mashini inaweza kupokea Windows 11: inadai kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, nafasi ya gigabaiti 64, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, ambacho mashini nyingi za zamani hazina. Kabla ya kubonyeza, nakilini kila kitu kwenye diski ya nje na kuijaribu nakala. Pakueni mapema programu za kuendesha vifaa vyenu. Ulizeni kama programu mnazozitegemea zitakubali. Msifanye hivyo katika juma lenye kazi ya haraka. Msifute folda ya zamani kabla hamjajaribu yote. Na kama mashini ni ya wengi, waambieni wengi.

Orodha yetu tuliitoa katika programu ile ya zamani, tukaiweka katika jedwali la kawaida linalofunguka katika mashini yoyote, na nakala yake iliyochapwa imo katika sanduku lililoinuliwa juu, mbali na maji. Majina ya watu hayapaswi kutegemea mashini moja, wala mtu mmoja mwenye ufunguo.

Tunafundishwa kuchunguza dhamiri kila jioni. Mimi huanza na swali la fundi wa Kimanga: kitu gani kilibadilika mwisho? Mara nyingi jibu nalijua kabla sijamaliza kuuliza.

Kwa mazungumzo katika kundi:

1. Je, umewahi kusema neno la kweli ili mwingine abebe kosa lako? Yeye alilibeba kwa muda gani?
2. Kwa nini yule asiye na kosa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta fedha?
3. Kuna jambo gani leo ambalo mlango wake wa kurudi ungali wazi, lakini si kwa siku nyingi?