Kunguni hawaulizi bei ya chumba

Kazi ya redio inanilaza sana nje ya nyumba yangu. Leo niko Uvira, kesho Baraka, wiki ijayo Kamanyola au Bukavu. Na mvua ikikata barabara ya taifa namba 5, unalala pale gari lilipokwama. Vyumba vya wageni vya ukanda huu wa ziwa nimevijua kuliko nilivyotaka. Wasafiri wenzangu huniuliza kuhusu vizuizi, bei ya dola, na daraja gani limebebwa na maji. Lakini kuna swali moja wanaloliuliza kwa sauti ya chini, tena baada ya kuhakikisha nimezima kinasa sauti: "Yaya, ile loji uliyolala, haina kunguni?"

Sauti hiyo ya chini ndiyo tatizo lenyewe. Mgeni aliyeumwa anaona haya kusema, maana watu watadhani ametoka nao kwake. Mwenye loji anaona haya kukubali, maana wateja watahamia kwa jirani. Basi asubuhi kila mtu anajikuna kimya kimya, mgeni anabeba mfuko wake, na kunguni wawili watatu wanaondoka naye bila kulipa nauli.

Hapa kwetu tumezoea kusema kunguni ni wa watu wachafu. Si kweli. Mdudu huyu anatafuta damu na ufa wa kujifichia, basi. Mwaka 2023 jiji la Paris lilijaa hofu ya kunguni, watu wakiwatafuta hadi kwenye viti vya treni na vya sinema. Mwaka huo huo ANSES, shirika la serkali ya Ufaransa la usalama wa afya, lilieleza kwamba zaidi ya nyumba moja kati ya kumi nchini humo ilivamiwa na kunguni kati ya 2017 na 2022. Kwa hiyo ukilipa dola 40 badala ya 10 utapata feni na maji ya bomba. Usidhani umelipia na kinga.

Tena mji wetu ni njia panda. Kitanda kimoja cha Uvira, kwa wiki moja, kinaweza kulaza mama mchuuzi aliyevuka Kavimvira kutoka Bujumbura, kijana aliyeshuka kwenye boti pale Kalundu, na mtumishi wa shirika aliyetoka Bukavu. Kunguni hana mabawa, haruki kama kiroboto. Anasafiri kwenye mishono ya mfuko na pindo la koti. Sisi ndio magari yake.

Nililala usiku mmoja katika loji ambayo sitaitaja. Saa tisa usiku niliamka mkono wote unawaka. Nikawasha tochi ya simu, nikawaona wanakimbilia kwenye mshono wa godoro, wekundu, wameshiba. Nilipomwambia kijana wa mapokezi, akajibu: "Papa, hao ni mbu wa ziwa tu." Nikamwonyesha mmoja niliyemfunga ndani ya karatasi. Akanyamaza, kisha akaniomba nisiseme kwa sauti, patroni asisikie. Nilimhurumia kijana yule kuliko nilivyojihurumia mimi, maana ikijulikana, atakayeulizwa ni yeye na mama anayefua mashuka, si aliyenunua vitanda vya mbao vilivyojaa nyufa.

Ila na sisi wageni tusiwe wepesi wa kuhukumu. Kuna watu ambao ngozi yao haionyeshi kitu kabisa, na kuna wengine vipele vinatokea baada ya siku kadhaa. Ukijikuna Uvira, huenda aliyekuuma amebaki Bukavu. Ushahidi uko kitandani. Kabla ya kulipa, omba kuona chumba. Funua shuka, angalia mishono ya godoro na pembe za kitanda upande wa ukuta: vidoti vyeusi kama wino wa kalamu, maganda mepesi ya rangi ya chai, mayai meupe madogo kama punje ya chumvi. Kunguni mzima analingana na mbegu ya tufaa. Ukiona hayo, omba chumba kingine, ambacho hakipakani na hicho. Mfuko usiuweke juu ya kitanda wala chini yake. Utundike, au ufunge ndani ya plastiki.

Ukifika nyumbani, nguo zimwage nje kwanza. Zinazovumilia, zitie kwenye maji yanayochemka. Nyingine zipigie pasi ya makaa, hasa kwenye mishono. Joto ndilo linawaua pamoja na mayai yao. Kuanika godoro juani kunasaidia kidogo tu, kwani wanahamia upande wenye kivuli. Kitanda cha mbao kimwagie maji ya moto kwenye nyufa, na urudie baada ya siku kumi hivi, kwa sababu mayai yaliyosalia yatakuwa yameanguliwa.

Sasa yanayonitia hofu kweli. Kuna wanaomwaga petroli kwenye kitanda, katika nyumba ambamo umeme ukikatika watu wanawasha mshumaa. Kuna wanaochukua dawa ya kupulizia nyanya za bonde la Ruzizi na kuinyunyiza pale watoto wanapolala. Sumu hiyo inaweza kumdhuru mtoto kabla ya kummaliza kunguni. Hata dawa za kawaida za dukani mara nyingi zinashindwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kunguni wa vijiji vya kaskazini mwa Tanzania wamekwisha kuzoea dawa ya aina ile ile inayotiwa kwenye vyandarua.

Na hapo kwenye chandarua ndipo ninapogombana na watu. Kunguni wakijificha kwenye mikunjo yake, mtu anakitoa, anatandika mkeka sebuleni, analala wazi. Hakuna ushahidi kwamba kunguni anaambukiza ukimwi wala malaria. Anakunyima usingizi na kukuachia vidonda vya kujikuna. Anayeleta malaria ni mbu, na malaria inaua watoto wetu. Kifue chandarua kwa maji ya kawaida na sabuni, kikung'ute, kikaushe kivulini, kisha kirudishe mahali pake.

Kuna loji moja huku Uvira ambako mwenye nyumba aliuza vitanda vya mbao akanunua vya chuma, na kila kitanda kikavutwa mbali na ukuta. Mama anayesafisha vyumba pale hangoji kuulizwa. Anafunua shuka mbele ya mgeni, anaangaza tochi kwenye mishono, halafu anageukia mfuko wako: "Na wewe papa, umelala wapi jana?"