Mkono na Mpini

Mtoto mchanga hajui jina la mama yake, lakini ukimtia kidole kiganjani hukikamata kwa nguvu ya kustaajabisha. Kwa sababu hiyo wengi wetu hudhani kwamba kushika ni jambo la kuzaliwa nalo, lisilohitaji mwalimu. Mimi pia nilidhani hivyo, tena nilikuwa na haki ya kudhani, maana riziki yangu hutoka mikononi. Nimekuwa mkereza vyuma mjini Nakuru tangu nilipomaliza shule; nimeshika nyundo, tupa na patasi hata viganja vyangu vimekuwa vigumu kama kwato. Aliyenionyesha kwamba sikujua kushika ni shangazi yangu, na chombo alichonionyeshea hakikuwa kizito kuliko kalamu.

Shangazi anakaa Section 58, nami nilipanga chumba cha uani kwake nilipokuwa bado mwanagenzi. Kazi yake ni utabibu wa meno katika zahanati moja ya mji. Wenye maumivu humjia wakiwa wameshika shavu. Wengine huja kwa aibu tu, kwa kuwa meno yao yana rangi ya hudhurungi. Watu wa Bonde la Ufa wanaijua rangi hiyo. Maji ya visima vingi vya huku yana floridi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa mpaka, na mtoto anayeyanywa meno yake yangali yakijijenga ndani ya ufizi huota nayo yakiwa yamekwisha kuingia madoa. Vijana humsihi Shangazi ayakwangue madoa hayo. Naye huwaambia kwa upole kwamba doa lililo ndani ya gamba la jino halikwanguliwi kama masizi ya sufuria, na kwamba kulikwangua ni kuliharibu jino lenyewe.

Jioni moja ya mwaka 2016 nilimkuta jikoni akishindana na kifuniko cha chupa ya samli. Alikigeuza, akakiacha, akakigeuza tena, kisha akanisukumia chupa bila kunitazama. Nilikifungua kwa vidole viwili. Hapo ndipo aliponiambia jambo alilokuwa amelificha kwa miezi mingi: kidole gumba, cha shahada na cha kati vya mkono wake wa kulia vilikuwa vikifa ganzi. Usiku aliamka na kuutikisa mkono nje ya kitanda kama mtu anayekung'uta maji. Daktari alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mshipa wa fahamu unaopita katika kifundo cha mkono ulikuwa umebanwa, na kwamba asipoubadilisha mwenendo wa kazi yake huenda ikambidi aiache.

"Tena juzi," akasema, "chombo kilinigeukia mkononi nikamchoma kondakta wa matatu ufizi. Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Maumivu sikuyaogopa sana, mwanangu. Ninaloogopa ni kwamba vidole vinaanza kuwa viziwi."

Sikuelewa uziwi wa vidole ni nini. Akaenda chumbani akarudi na chombo cha kukwangulia ukoga, kilichokatika ncha moja na kufutwa katika daftari la zahanati. Akaniambia nikishike. Nilikikamata kama patasi, vidole vyote vinne upande mmja na gumba upande wa pili. Shangazi akacheka hata akasahau mkono wake.

Kisha akanifundisha. Chombo cha meno hushikwa karibu na namna ya kushika kalamu: gumba na kidole cha shahada vinakabiliana juu ya mpini, kidole cha kati kinalala chini karibu na shingo ya chombo, na kidole cha pete kinasimama juu ya jino la jirani kama mguu wa meza, ili mgonjwa akishtuka, mkono na kichwa viende pamoja. Kidole cha kati ndicho sikio. Ncha ikipita juu ya jino safi huteleza kimya. Ikikutana na ukoga uliogeuka jiwe chini ya ufizi, mahali ambapo jicho halifiki, hutoa mtetemo mdogo unaopanda kwa shingo ya chombo hadi kidoleni. Anayelibana sana chombo hausikii mtetemo huo. Na kwa nini mtu akibane? Kwa sababu kimelowa mate na damu, glavu inateleza, na mpini ni mwembamba. Basi mkono hukaza kwa hofu ya kuteleza, ukikaza huchoka, ukichoka hutetemeka, na ukitetemeka huteleza kwelikweli.

Nilikipima chombo kile: unene wake ulikuwa milimita 6, na kilikuwa laini kama sindano ya kufumia. Mtu aliyewahi kuandika mtihani wa saa tatu kwa kijalizo cha kalamu kilichovuliwa ganda lake atanielewa. Nikamwambia Shangazi, kwa kiburi cha kijana mwenye mashine ya kukerezea, kwamba nitamtengenezea mpini katika muda wa siku tatu. Ulinichukua karibu mwaka mzima.

Pengine msomaji atauliza, ziko wapi mashine za umeme? Zipo, nazo ni njema, lakini umeme ukikatika hulala. Isitoshe, kuna namna ya kutibu meno ambayo kwa makusudi haihitaji mashine, nayo haikutoka mbali. Katikati ya miaka ya 1980, katika chuo cha meno cha Dar es Salaam, Mholanzi mmoja aitwaye Jo Frencken na wenzake walianza kuziba meno yaliyooza kwa kutumia zana za mkono peke yake. Tundu la jino hupanuliwa kwa kijishoka kidogo kinachozungushwa, uozo laini huchotwa kwa kijiko kidogo mno, kisha tundu hujazwa saruji inayojigandisha na jino yenyewe. Njia hiyo ilijaribiwa baadaye Thailand na Zimbabwe, na tarehe 7 Aprili 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu. Ndiyo anayoitumia Shangazi anapozunguka shule za mashambani, chini ya mti, mtoto akiwa amelala juu ya dawati mbili zilizounganishwa. Katika kazi kama hiyo nguvu yote ni ya mkono, na mpini mbaya hauna msaidizi wa kuusitiri.

Mpini wangu wa kwanza niliuchonga kwa mti wa mzeituni wa mwituni. Ulikuwa mzuri wa kutazamwa, una mishipa ya rangi ya asali, nami niliupiga msasa mpaka ukang'aa. Shangazi aliusifu, akautia ndani ya chungu cha mvuke. Vyombo vyote vinavyoingia kinywani lazima vipitie humo, kwa dakika 15 katika joto la digrii 121, ili wadudu wa maradhi wafe. Mpini ulitoka umevimba na kupasuka kutoka kichwa hadi mkia.

Wa pili ulikuwa wa chuma kisichoshika kutu, mnene wa milimita 10 na mrefu wa sentimita 10, usio na ufa wala doa. Shangazi aliupima kwa kuuweka tu juu ya kidole, akanirudishia. Nilipouweka juu ya mizani ulikuwa gramu 60 na zaidi. Nilikuwa nimeondoa taabu ya wembamba nikaleta taabu ya uzito.

Wa tatu niliufanya kwa alumini, ambao uzito wake ni kama theluthi moja ya uzito wa chuma. Ili usiteleze niliutia chale za kukingamana, nikazizamisha sana, kama tunavyofanya kwenye vishikio vya zana zetu za karakana. Haukuteleza, hilo ni kweli. Lakini ulirarua glavu, na ndani ya chale mlibaki uchafu ambao burashi haikuufikia; nayo sabuni kali ya kuoshea vyombo ikaula ukawa mweusi. Shangazi aliushika chini ya taa, akanionyesha alama moja nyekundu iliyokauka katika mfereji. Ilikuwa rangi tu aliyoipaka ili kunijaribu. "Ingekuwa damu ya mtu," akasema, "na kesho yake ungeingia katika kinywa cha mwingine." Sijapata kuona haya kama siku ile.

Niliiacha kazi hiyo kwa muda wa miezi miwili. Katika siku hizo niliwapeleka wadogo zangu Kariandusi, karibu na Gilgil, ambapo msafara wa Louis Leakey ulivumbua mashoka ya mawe mwishoni mwa miaka ya 1920. Nilikuwa nimekwisha kwenda huko nikiwa mwanafunzi, na nakiri kwamba safari ile niliyokumbuka ni soda tu. Safari hii nilisimama sana mbele ya mawe yale, mengine ya lava, mengine ya kioo cheusi cha volkano, yaliyochongwa na viumbe walioishi miaka mamia ya maelfu kabla yetu. Upande mmja una ncha na makali. Upande wa pili ni mnene, wa mviringo, wenye kujaza kiganja. Niliunyosha mkono hewani nikaufumba kana kwamba nimeshika moja, nikaona kwamba vidole vyangu havikukaza hata kidogo. Unene wa jiwe ndio ungefanya kazi ya kushika; mkono ungelisindikiza tu.

Tangu hapo nilianza kusoma habari za waliotutangulia. Zamani meno yaling'olewa Ulaya kwa chombo kilichofanana na ufunguo, chenye kishikio cha kupingana ambacho mtu alikikamata kwa ngumi nzima. Kilishikika vizuri sana mkononi. Ubaya ulikuwa upande wa pili, kwani kililivunja jino na mara nyingine mfupa wa taya. Katika miaka ya 1840 Mwingereza John Tomes, akishirikiana na mfua vyombo aitwaye Evrard, alitengeneza koleo ambazo midomo yake imefuata umbo la shingo ya kila jino. Nilipenda habari hiyo kwa sababu ya fundi Evrard. Daktari hukumbukwa, lakini pana mtu aliyekaa na tupa usiku akitafuta mpindo unaofaa.

Daktari mmoja kijana aliyekuwa akijifunza kazi pamoja na Shangazi alituletea pia matokeo ya uchunguzi wa mwaka 2006 uliofanywa katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Wachunguzi hao walipima nguvu ya kubana na juhudi ya misuli ya watu waliokwangua meno kwa mipini mbalimbali, wakaona kwamba mpini mnene na mwepesi huutaabisha mkono kidogo zaidi. Walitaja unene wa milimita 10 na uzito wa gramu 15, na kwamba unene ukizidi hapo faida yake hupungua. Milimita zangu, basi, zilikuwa sahihi. Kosa langu lilikuwa kujaza ndani.

Nikachukua bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu, lenye ukuta wa nusu milimita. Sentimita 10 za bomba hilo zilikuwa na uzito wa gramu 12 tu. Niliziba ncha zake kwa kuzichomelea ili mvuke na uchafu visipate mlango, nikazipiga tupa mpaka ukucha haukuhisi kiungo. Badala ya chale nilizungusha mifereji mipana, mifupi kwenda chini, yenye kingo za mviringo, ambayo burashi huipita bila kukwama. Mahali pa vidole vya gumba na shahada nilipapunguza kidogo, kama kiuno cha nyigu. Halafu nikahakikisha kwamba ncha ya chombo inaangukia kwenye mstari wa katikati wa mpini, kwa kuwa ikienda kando chombo hutaka kujipindua, na mkono hulazimika kukaza ili kukizuia.

Shangazi aliujaribu juu ya taya ya plasta aliyoifunga kwenye jiriwa yangu, vidole vikiwa vimepakwa sabuni. Alikwangua kwa nusu saa pasipo kusema neno. Nilimtazama vifundo vya vidole: havikugeuka vyeupe. Mwishowe akafumba macho, akaupitisha mkono polepole nyuma ya gego, akasema, "Hapa umeacha tone la gundi." Kweli lilikuwapo, dogo kuliko punje ya uwele, nami sikuwa nimeliona.

Nilidhani kesho yake angeuchukua kazini. Alikataa. Chombo cha tiba, akasema, hakiingii kinywani mwa mgonjwa kwa sababu kimetengenezwa na mtoto wa kaka yako unayempenda. Kina taratibu zake za kupimwa na kuidhinishwa, nazo zimewekwa kwa ajili ya mgonjwa asiyeweza kuuliza maswali huku kinywa kimejaa vidole. Niliumia, sitaficha. Lakini alivichukua vipimo vyangu, akaviandika katika barua ya kuomba vyombo vipya, na baada ya kungoja kwa miezi 7 vikaja vyombo vya kiwandani vyenye mipini minene na mitupu ndani. Usiku hufunga kifundo cha mkono kwa kigango alichopewa na daktari, na mchana haweki tena wagonjwa wawili wa kukwanguliwa wakifuatana. Ganzi imepungua, ijapokuwa haikuondoka yote.

Mpini wangu umo katika mkoba wake pamoja na ile taya ya plasta. Huutumia kuwafundishia vijana wanaokuja kujifunza kwake, na kila akirudi jioni hunieleza kasoro aliyoiona mmoja wao. Juma lililopita ilikuwa kwamba mfereji wa tatu umekaa mbali mno kwa mtu mwenye vidole vifupi. Nimekwisha kukata bomba jingine.